Jina Moja Kabla ya Saa Kumi na Moja

Siku ya tatu hiyo Musyimi alikuwa nyumbani Nunguni, na tangu afike hakuwa amemaliza sahani hata moja ya chakula. Mama yake, Syokau, alipika muthokoi, akapika chapati, akampelekea hata maziwa lala aliyoyapenda tangu utotoni. Vyote vilirudi jikoni nusu. Kijana wa miaka thelathini na minne alikuwa amekaa sebuleni mbele ya kompyuta, nje ukungu wa Julai umeshuka mpaka kwenye migomba, naye anaifungua, anaifunga, anaifungua tena.

"Unaangalia nini humo?" Syokau alimuuliza.

"Naangalia kama bado inanikubali."

Kampuni yake, ile kubwa ya teknolojia ambayo Syokau aliitaja kanisani kila alipopata nafasi, ilikuwa imetangaza wiki tatu nyuma kwamba itapunguza watu. Haikusema nani. Wafanyakazi waliona tu yaliyowapata wenzao wa nchi nyingine: hakuna aliyeitwa ofisini akaambiwa. Mtu aliamka, akaandika neno lake la siri, kompyuta ikamkataa, na ndipo akajua hana kazi. Basi watu wazima, wenye digrii na watoto, walikuwa sasa wanabisha hodi kwenye kompyuta zao mara ishirini kwa siku kuona kama watafunguliwa. Syokau aliwajua watu waliofukuzwa kazi kwa ulevi, kwa wizi, na mmoja kwa kumpiga karani kofi. Kufukuzwa na mashine, bila hata kuambiwa kosa, hilo lilikuwa jipya kwake.

Alhamisi hiyo ilikuwa zamu yake ya mwethya. Wanawake kumi na wanne wa mteremko ule hukusanyika kila Alhamisi katika shamba la mmoja wao wakamchimbia matuta, udongo usije ukashuka na mvua. Ni kazi ambayo ukiifanya peke yako itakula mwezi mzima na mgongo juu yake. Leo kwako, wiki ijayo kwa mwingine, na asiyekwenda kwa wenzake asitarajie kuona jembe kwake. Kufikia saa tatu shamba lilikuwa limejaa vicheko na vumbi, na sauti iliyozishinda zote ilikuwa ya Kavindu.

Kavindu na Syokau waliolewa kwenye mteremko huo mwaka mmoja. Walizika waume zao miaka miwili ikifuatana. Kathini, binti wa kwanza wa Kavindu, alizaliwa jikoni kwa Syokau, mvua imekata barabara ya kwenda hospitali. Kathini huyo sasa alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa akifanya kazi Nairobi, katika kampuni ile ile, chini ya Musyimi. Mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake Ndunge uuguzi kule Kitui.

Saa tano Musyimi aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyeletwa kituo cha polisi.

"Mama, wameniandikia."

Syokau aliweka mwiko chini. "Wamekufuta?"

"Afadhali wangenifuta. Wanataka jina. Niko na watu wanne kwa team yangu, wanataka wabaki watatu. Nitume jina moja kabla ya saa kumi na moja jioni."

"Wewe ndiye uchague?"

"Mimi ndiye kiongozi wao."

"Na ukikataa?"

"Bosi amesema kama siwezi kuchagua, basi labda team haihitaji kiongozi."

Syokau hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, lakini tishio alilijua hata likivaa suti. Alisogeza kuni ndani, akangoja.

"Wawili siwezi kuwagusa, hiyo kazi yao hakuna mwingine anaijua," Musyimi aliendelea. "Wanabaki Githaiga na Kathini."

"Kathini wetu?"

"Kathini wetu."

"Nani anashinda mwingine kazi?"

"Kathini. Kidogo tu, lakini anamshinda." Alijikuna kichwa kwa mikono miwili. "Shida ni kwamba nikimtoa Githaiga watasema nimeficha Mkamba mwenzangu, tena wa kijijini kwetu. Kuna mtu alishauliza kwa mkutano, akicheka, ati kwani hii team ni ya Makueni? Na Githaiga yuko na mtoto wa miezi miwili. Bibi yake hana kazi. Mama, mimi sijui. Niambie."

Huko nje Kavindu alikuwa anamtania mtu aliyechimba mtaro wa kwenda kombo, na wenzake wanacheka.

Syokau alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba shida ikibisha hodi unatoa chako, hutoi cha watu. Ukijiwa na mgeni, unachinja mbuzi wako. Huendi kushika wa jirani. Kwa sheria hiyo alikuwa ameishi miaka sitini na moja na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Kwa sheria hiyo hiyo akafikiri sasa, na sufuria ikachemka mpaka ikamwagika.

"Huyo Githaiga ni mtoto wa watu," alisema mwisho. "Mama yake simjui. Tukimtoa mtoto wake kazini, na kitoto kichanga ndani ya nyumba, machozi yake yatatufuata. Kathini ni wetu. Toa wetu."

"Mama, Kathini si wangu. Ni wa Kavindu."

"Mimi na Kavindu ni kitu kimoja. Atanuna wiki mbili, halafu ataelewa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Basi muite umuulize. Si yuko hapo tu?"

"Nimuulize nini? Mtu anaulizwaje kitu kama hicho, na watu wote wamesimama hapo? Wacha. Mimi moyo wake naujua."

Alisema hivyo kwa nia safi, na hapo ndipo uchungu wa mambo haya ulipo. Hakuwa na hila hata chembe. Lakini chini ya maneno hayo mazuri kulikuwa na neno jingine alilolikalia asije akalisikia mwenyewe: Musyimi abaki, na mengine yawe vyovyote vile.

Saa saba wanawake waliosha mikono, wakaketi kwenye nyasi kungoja chakula. Kavindu hakuketi. Alikuja mpaka mlango wa sebule, miguu imejaa udongo, akasimama nje ya kizingiti asichafue sakafu.

"Musyimi, mwana wakwa, mbona umekonda hivi? Huko Nairobi hawauzi unga?"

Musyimi alisimama kwa heshima. "Ni kazi tu, mama."

"Kathini ameniambia kwa simu. Ati hata usingizi hana, anaangalia simu kama mtu anadaiwa. Nikamwambia, wewe tulia! Musyimi si yuko huko? Huyo ni ndugu yako. Kukitokea kitu atakuambia mapema." Akacheka, akajifuta jasho kwa upindo wa leso. "Lakini na wewe ukule. Mtu hawezi kubeba wengine na tumbo iko tupu."

Musyimi alimtazama mama yake juu ya bega la Kavindu. Yalikuwa macho ya mtoto anayeomba aambiwe asiende. Syokau alikuwa amesimama na sufuria mikononi, na moshi wa chakula ulikuwa unampiga usoni. Angeweza kusema neno. Aliitikia kwa kichwa kidogo, kwamba atume jina, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kavindu, njoo tukule, hii chakula inapoa."

Kavindu alikula karibu naye, goti kwa goti, na alipoona kipande cha nyama kwenye sahani yake akakihamishia kwenye ya Syokau, akisema, wewe mwenye shamba leo umepika tangu alfajiri. Syokau alikimeza bila kukitafuna vizuri.

Walimaliza tuta la nne saa tisa na nusu. Walipokuwa wanakusanya majembe, Musyimi aliita kutoka ndani, si kwa sauti kubwa.

"Imeenda, Mama."

Alikunywa maji glasi mbili. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu afike, akaomba chakula, akala chote, akafuta sahani kwa kipande cha chapati. Syokau alimtazama akila, akafurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi.

Ijumaa asubuhi, chai haijaiva, Kavindu aliingia na ndara za bafuni, simu mkononi, kichwa hakina hata kitambaa.

"Syokau! Ile mashine imemkataa mtoto."

"Nani?"

"Kathini! Amejaribu mara tano. Mara ya kwanza akafikiri amekosea herufi, akaandika pole pole, ikakataa. Sasa ndio amepata barua kwa simu. Wamemwambia arudishe kompyuta na kile kitambulisho cha mlango." Alikaa chini, pale pale sakafuni. Kisha akainua kichwa haraka. "Na Musyimi? Yeye amepona?"

"Amepona," Syokau alisema.

"Asifiwe Bwana. Afadhali mmoja apone. Yuko wapi?"

Musyimi alikuwa chumbani, amekaa kitandani na viatu. Ilibidi aitwe mara mbili. Alipotokea, Kavindu aliinuka akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa.

"Pole, mwanangu. Najua imekuuma. Wale ni watu wako."

"Uamuzi ulitoka ng'ambo, mama," Musyimi alisema. Sehemu ya hayo ilikuwa kweli, na sehemu ya kweli ndiyo hufanya uongo usimame vizuri. Mchana huo alifunga begi akarudi Nairobi, ingawa alikuwa amesema atakaa mpaka Jumapili.

Jumapili ndiyo iliyomfunga Syokau kamba. Wiki tatu nyuma, kwa hofu yake, alikuwa amesimama kanisani akaomba watu wamwombee mwanawe, na akaahidi mbele ya wote kwamba Musyimi akibaki kazini atatoa shukrani. Watu wa Nunguni wanaweza kusahau deni, lakini ahadi ya madhabahuni hawaisahau. Mchungaji alitabasamu, akamwita kwa jina.

Kanisani kwao mtu akitoa shukrani hatembei peke yake. Rafiki zake huinuka, wakamsindikiza mbele kwa wimbo na kupeperusha leso. Wa kwanza kuinuka alikuwa Kavindu. Alicheza mbele ya Syokau njia nzima mpaka kwenye madhabahu, mikono juu. Kathini, aliyefika jana yake na mabegi mawili, alibaki kwenye benchi la nyuma akipiga makofi polepole, macho yake yameangalia sakafu. Alikuwa amevaa sweta ya kijivu ya kampuni. Pengine hakuwa na nyingine ya baridi.

"Namshukuru Mungu," Syokau alianza kwenye maikrofoni, "kwa sababu mtoto wangu..."

Sauti ikamkatika. Alijaribu tena, ikakataa. Machozi yakamshuka, na kanisa zima likafikiri ni furaha.

"Ameni!" walipiga kelele. "Amesikiwa!"

Kavindu alimkumbatia pale mbele, akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe. "Jikaze," alimnong'oneza. "Jikaze, Syokau, tunafurahi na wewe."

Huenda mtu mwenye moyo mgumu angeweza kuishi na jambo hilo mpaka kaburini, na wako wengi wanaoishi na makubwa kuliko hilo. Syokau alijaribu siku kumi. Aliacha kupita njia ya kwa Kavindu, akawa anazungukia kwa juu, kwenye miparachichi, akijidai anatafuta kuni. Jumatano ya pili Musyimi alimpigia simu, sauti yake imerudi kuwa ile ya sebuleni.

"Mama, wametuandikia tena. Ati Oktoba kutakuwa na list ingine."

"Si walisema wamemaliza?"

"Walisema wamemaliza hii."

Miezi mitatu. Ndiyo hiyo waliyoinunua kwa Kathini. Syokau alikuwa bado ameshika simu mkononi Kavindu alipoingia jikoni na kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa.

"Unapotea wapi siku hizi? Ama umekuwa na bwana kule juu?" Kavindu alitania, akakaa. Lakini utani haukufika mbali. Alikuwa amezeeka kwa siku kumi hizo. "Kathini ametuma maombi ya kazi mpaka vidole vinamuuma. Hakuna hata wa kumjibu hapana. Ndunge nimemwambia akae nyumbani muhula huu. Amelia, amenyamaza." Akamsukuma kuku mbele. "Huyu ni wa Musyimi. Akija mwisho wa mwezi umchinjie."

"Kwa nini?"

"Kathini anasema lazima Musyimi alimpigania mpaka mwisho. Ati ndio maana hata amekonda. Sasa mtu kama huyo nitamshukuru na nini?"

Syokau alitazama kuku. Kuku naye alikuwa amelala ubavu, jicho moja wazi.

"Rudisha huyu kuku, Kavindu."

"Acha mambo yako."

"Rudisha. Ni mimi nilisema Kathini."

Kavindu alitabasamu kwa kutoelewa. "Ulisema kwa nani?"

"Kwa Musyimi. Aliambiwa atoe jina moja, Kathini ama kijana mwingine, anaitwa Githaiga. Akaniuliza. Nikasema atoe Kathini."

Tabasamu la Kavindu lilikaa usoni muda mrefu kuliko lilivyohitajika, kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke.

"Siku gani?"

"Alhamisi. Ile ya mwethya."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Hapo shambani. Unachimba."

"Nikichimba tuta la ngapi?"

"La tatu," Syokau alisema. "Nilifikiri natoa changu, Kavindu. Yule mwingine ana mtoto mchanga, na simjui mama yake. Nilifikiri mimi na wewe ni kitu kimoja. Na Musyimi wangu... niliogopa. Niliogopa Musyimi atatoka."

Kavindu aliutazama mlango, na nje ya mlango matuta manne yaliyonyooka vizuri. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Ungeniuliza."

"Najua."

"Kutoka hapa mpaka pale ni hatua arobaini. Ungeniita hapo mlangoni, useme Kavindu, mambo ni hivi na hivi, kuna mtoto wa miezi miwili. Ningelia. Labda ningekutukana. Lakini ningekupa, Syokau. Wewe unajua ningekupa."

"Najua ungenipa."

"Sasa hukuniomba, na umeshachukua. Mimi nikupe nini?"

Aliinuka, akajifunga leso vizuri kiunoni. Syokau alimshika mkono, naye hakuuvuta. Aliuacha tu mkononi mwa mwenzake mpaka mwenzake akauachia mwenyewe. Kisha akaondoka. Kuku hakumchukua. Syokau alimfungua miguu, akakaa naye jikoni mpaka moto ukazimika.

Siku iliyofuata ilikuwa Alhamisi, zamu ya Kavindu. Syokau alifikiri kutuma ujumbe kwamba anaumwa, akaona aibu. Alikwenda na jembe lake, wa kwanza kabisa. Akajua mara moja, kwa jinsi wengine walivyomsalimia, kwamba Kavindu hakumwambia mtu. Alichimba kama kibarua anayelipwa kwa futi. Mara tatu aliinua kichwa akitumaini kutukanwa, maana matusi huwa yana mwisho wake, lakini Kavindu alikuwa upande wa chini akizungumza na wengine taratibu.

Saa saba alijipangusa udongo akaelekea jikoni. Miaka arobaini alikuwa akiingia jikoni humo bila kubisha, akifunua sufuria mwenyewe, akionja kwa kiganja na kulalamika kwamba Kavindu hajui chumvi, na Kavindu akimfukuza kwa mwiko.

Safari hii Kavindu alimpokea mlangoni.

"Hapana, usijisumbue, Mama Musyimi," alisema kwa upole. "Kaa tu. Utaletewa."

Tangu waolewe hakuwa amewahi kumwita hivyo. Alimwekea kiti cha mbao chenye kitambaa, chini ya ukuta, peke yake. Wengine walikuwa wameketi kwenye nyasi na bakuli zao za plastiki.

"Haiya! Leo Syokau amekuwa mheshimiwa!" mmoja alisema, na wote wakacheka.

Kathini alikuja na jagi la maji ya moto na beseni. Akapiga goti kidogo, akamnawisha mikono, akamimina maji polepole yasimchome. "Karibu, mama," alisema. Macho yake hayakuwa na hasira. Bado hakuwa anajua. Kisha Kavindu mwenyewe akaleta chakula, cha Syokau kabla ya cha mtu mwingine yeyote: sahani ya kioo yenye maua, iliyotoka kabatini, kijiko, na vipande vitatu vya nyama juu.

"Chumvi imetosha?" aliuliza, amesimama, mikono ameikunja mbele kama mwenyeji mwenye adabu.

Chumvi ilikuwa haba kabisa.

"Imetosha," Syokau alisema. "Asante sana."

Akala mpaka akamaliza, maana mgeni hakosoi chakula cha watu.